Mchora ramani wa Biryogo na ngoma iliyogeuka

KIGALI, Julai 1984

Saa kumi na robo alasiri, Jumanne ya mwisho ya Juni. Twahiru Nzeyimana amepiga magoti katikati ya uwanja mpya ulio chini ya mtaa wa Gitega, mkono mmoja umeshika futi ya kupimia, mwingine umeshika karatasi. Anatazama karatasi. Anainua uso, anatazama jukwaa la wageni. Anarudi kwenye karatasi. Hii ni mara ya tano, na jukwaa halijasogea.

Midomo imemkauka. Ramadhani imebakiza siku chache iishe, lakini ukavu huu si wa saumu. Kwenye karatasi yake, jukwaa liko magharibi, mkono wa kulia wa mtu anayeingia langoni. Uwanjani penyewe, jukwaa la saruji lenye ngazi zake na paa lake jipya limekaa mashariki, mkono wa kushoto, limetulia kabisa.

"Haiwezekani," anajisemea, ingawa anajua fika kwamba imekwisha kuwezekana.

Nje ya lango wanawake ishirini na wanne wanangoja kuitwa. Wamefanya mazoezi ya ngoma moja kwa miezi mitatu. Jumapili watashindana na sekta nyingine nane, yaani kata za mji, mbele ya wageni wa serikali. Wataingia vizuri, watacheza vizuri, halafu watamaliza kwa kuwapa wageni mgongo, wote ishirini na wanne kwa pamoja.

Twahiru anakunja karatasi mara nne, anaitia mfukoni, anatoka nje. Anawaambia warudi nyumbani kwa sababu udongo wa uwanja bado ni mbichi. Wanawake wanaondoka, na vumbi linawafuata mpaka barabarani.

Ukiuliza Biryogo nyumba ya Twahiru, utaulizwa Twahiru yupi. Sema Desinateri, yaani mchoraji, utapelekwa mpaka mlangoni. Ana umri wa miaka arobaini na mitatu, na kumi na tisa kati ya hiyo ameitumia mbele ya meza moja yenye mteremko katika ofisi ya ujenzi mjini, akinakili michoro ya wakubwa kwenye kalki, ile karatasi ngumu inayopitisha mwanga. Amechora shule ambazo hajawahi kuziona na zahanati ambamo hajawahi kulazwa. Nyumba yake mwenyewe, vyumba viwili na kibaraza katika uchochoro usiopitisha gari, haijawahi kuchorwa.

"Hiyo iko kichwani," anasema, na kucheka kidogo.

Kazi yake ya pili haimpi hata faranga moja. Ndiye anayepanga ngoma za animasiyo za sekta yake, yaani zile ngoma na nyimbo za kupokea viongozi siku za sherehe. Wapangaji wengine humshika mtu bega na kumwambia simama hapa, wewe nenda pale. Twahiru huchora kwanza. Huanza na mwanamke mmoja aliyeinua mikono juu kama pembe za ng'ombe, kama ngoma za Kinyarwanda zinavyotaka, akampima kutoka ncha ya vidole mpaka ncha ya vidole. Mita moja na sentimita arobaini.

"Hilo ndilo tofali langu," anasema, wala hatanii.

Akishapata tofali anapanga kuta. Katikati ya kuta anaweka nguzo, na nguzo zake ni wanawake wanaotakiwa kucheza bila kutoka walipo. "Jengo lote likitembea, mtazamaji haoni kinachotembea," anaeleza. "Lazima kiwepo kitu kimetulia, jicho lipate pa kujishika."

Wazo hilo lilimjia mwaka 1966, siku ya harusi yake. Uani kwa baba yake, mzee wa ukoo wa wale wachuuzi waliopanda huku na biashara kutoka pwani, palikuwa na nguzo ya matofali iliyobaki kwenye baraza ambalo halikumalizwa. Wageni walicheza kuizunguka usiku na mchana, wakigawanyika na kukutana tena, na hakuna aliyewaelekeza.

"Nguzo ndiyo ilikuwa inawapanga," anasema Twahiru. "Nimekaa pale na kanzu yangu mpya, bwana harusi, naangalia nguzo badala ya kuangalia bibi harusi."

Bibi harusi huyo, Swafiya, ana miaka thelathini na saba sasa na anashona nguo kwenye kibaraza cha nyumba yao. Haachi kukanyaga cherehani. "Ni kweli," anasema. "Na mpaka leo iko hivyo."

Ngoma ya mwaka huu aliiita Nyumba. Kwa miezi mitatu ilikaa juu ya ubao sebuleni kwake, wanawake wote wakiwa vifungo kutoka kwenye kopo la Swafiya. Vifungo vyeusi vinavyong'aa, kumi na viwili, ni ukuta wa mbele. Hao ndio wachezaji hodari, na kiongozi wao ni Mukabalisa, muuza sombe, majani ya muhogo, wa Gitega mwenye miaka ishirini na sita, ambaye akiinua mikono hata wateja husahau walichokuja kununua. Ukuta wa nyuma ni vifungo vya kuokotaokota, kila kimoja na rangi yake: wenye umri mkubwa, wazito wa kushika hatua, wenye haya. Mmoja wao ni Swafiya.

"Ningemweka mbele, watu wangesema napendelea mke wangu," anajitetea Twahiru.

"Alisema mguu wangu wa kushoto iko nachelewa," anasema Swafiya.

Yote mawili yalisemwa.

Mwisho wa ngoma ndio uliomgharimu usingizi. Makofi yananyamaza ghafla. Wanawake wawili wa katikati ya ukuta wa mbele wanateleza kando, mmoja huku na mwenzake kule, na mlango unafunguka. Kupitia mlango huo nyumba nzima inatoka, mtu mmoja mmoja, kuwaendea wageni, mpaka pale palipokuwa na nyumba panabaki uwanja mtupu. Ni mwisho mzuri. Ila Jumanne ile Twahiru aligundua kuwa mlango wake ungefungukia mlimani, kwenye nyasi na mbuzi wa watu.

Kila anayesikia habari hii huuliza swali lilelile: kwa nini wasigeuke tu? Twahiru huchukua kiberiti na kukiweka mezani kiwe uwanja. Uwanja una lango moja tu, upande wa kaskazini. Ukiizungusha ngoma nzima ili uso wake utazame jukwaa, wanawake watatakiwa kuingilia kusini, na kusini kuna ukuta wa mawe unaozuia mlima usiporomoke. Njia nyingine ni kubadili kila hatua, wa kulia awe wa kushoto, tangu langoni mpaka mwisho. Miili iliyojifunza kwa miezi mitatu isahau kwa siku tatu: Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, kwa sababu Jumamosi ilitarajiwa kuwa Idi.

Kosa lenyewe lilichukua sekunde chache. Mwezi Februari, saa ya chakula cha mchana, alichukua kalki ya uwanja iliyochorwa na mwenzake, akaipitisha haraka kwenye mashine ya kutolea nakala, macho yakimtoka machozi kwa harufu ya amonia. Kalki huonekana pande zote mbili. Aliilaza kifudifudi, na nakala ikatoka imegeuka. Kwa kawaida maandishi humshtua mchoraji, maana hutoka kinyume, lakini kalki hiyo ilikuwa imechanika palepale kwenye pembe ya maandishi. Na uwanja ulikuwa umezungushiwa mabati mwaka mzima, hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia mpaka Jumanne ile.

"Ni kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza," anasema, na sauti inapungua. "Nimewafokea vijana wangapi kwa kosa hilo? Wangapi?"

Si aibu peke yake iliyomkausha midomo. Mwaka juzi kikundi kimoja kilikosea cheo cha mgeni katika wimbo. Kiongozi wake aliitwa mara tatu kujieleza, na tangu hapo ni mtu wa kuitikia salamu tu. Sasa migongo ishirini na minne? Konseye wa sekta, yaani diwani wake, Bwana Nsabimana, alikuwa amekwisha kumwambia kwa upole: "Desinateri, mimi Jumapili nataka kulala vizuri." Twahiru alijiuliza ni nani angeamini kwamba kosa ni la kalki tu.

Jioni ile alifuturu kwa tende moja, na hata hiyo aliitafuna kama kipande cha ngozi. Swafiya alimtazama.

"Baba Rehema, ulisema udongo ni mbichi. Mimi nimerudi na vumbi mpaka kwenye kilemba."

Twahiru akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akaeleza. Swafiya aliisogeza karibu na taa mpaka mistari ikaonekana upande wa pili, akaigeuza, akaitazama tena.

"Uwanja iko hivi?"

"Iko hivyo."

"Basi sisi wa nyuma ndio tuko karibu na wageni."

"Ninyi hamjui mlango, Mama Rehema. Mlango wanaujua wa mbele."

Swafiya alimmiminia uji, akamwambia kesho awaeleze watu ukweli, kwa sababu wote wana miguu na wote wataulizwa.

Jumatano Twahiru aliwaeleza. Alisema kila kitu: Februari, mashine, pembe iliyochanika, na kwamba ukuta wa nyuma sasa ndio utakuwa wa mbele. Wa kwanza kuuliza alikuwa Mukabalisa.

"None se, sasa basi, Desinateri, mimi nakwenda wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma! Miye? Miezi tatu napiga miguu chini, mama yangu anatoka Kagugu kuja kuniona, anaona nini? Vichwa ya batu?"

"Atakuona. Kwa mbali kidogo."

Jibu hilo lilizidisha moto. Mukabalisa alijifunga kitenge chake, akaondoka bila kuaga, na wawili wa ukuta wa mbele wakamfuata. Twahiru alisimama na chokaa mkononi. Anakiri kwamba wakati huo alikuwa akiwaza atamwambiaje konseye kwamba anaumwa, na ni ugonjwa gani unaomfaa.

Badala yake alipiga mistari ya chokaa, akawapanga wale kumi na wawili wa nyuma, akawageuza watazame jukwaa, akaanza kuwafundisha hatua za mbele. Moja, mbili, teleza. Moja, mbili, teleza. Alihesabu polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Aliyekuwa katikati, kando ya Swafiya, Nyirahabimana, mama wa miaka hamsini na miwili ambaye kwa miezi mitatu hakuwahi kumaliza hatua zake bila kumkanyaga jirani, alikuwa akitabasamu chini chini.

"Baba Rehema," alisema Swafiya. "Wacha kuhesabu. Waambie wapige ngoma."

"Hamjafundishwa."

"Wapige tu."

Ngoma tatu zikalia. Na wanawake kumi na wawili wakacheza ukuta wa mbele, wote, tangu mwanzo mpaka makofi yaliponyamaza. Shingo zililala kama shingo ya Mukabalisa inavyolala. Nyirahabimana alipita mstari wake bila kumgusa mtu. Kisha yeye na Swafiya, katikati, wakateleza kando, na mlango ukafunguka kuelekea jukwaani, ambako fundi mmoja aliyekuwa akipaka rangi ngazi alibaki ameshikilia brashi yake hewani.

Twahiru alikaa chini, juu ya chokaa yake mwenyewe. Suruali ya kazini ina alama mpaka leo.

"Tunasimama nyuma yao miezi tatu," Nyirahabimana alimweleza, kana kwamba anamweleza mtoto. "Tutaangalia kitu gani ingine? Tunaangalia wao. Mimi miguu yangu nilikuwa nachanganya sababu macho yote iko kwa Mukabalisa."

Twahiru amelirudia jambo hilo kwa kila aliyekaa naye wiki ile. "Nilichora wanawake kumi na wawili, nikaandika ukuta," anasema. "Sikuchora kwamba ukuta unaona. Miezi mitatu, na mke wangu akiwemo."

Wasiwasi haukuisha, ulihamia chumba cha pili tu. Ukuta wa nyuma ulijua yote ya mbele, lakini wa mbele hawakujua lolote la nyuma, kwa kuwa hakuna aliyewahi kugeuka kutazama. Na Mukabalisa hakuwapo.

Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, Twahiru alimfuata sokoni Gitega. Alimkuta akifunga mafungu ya sombe kwa ukambaa, akiyabana kuliko kawaida.

"Sikuja kukubembeleza," alianza Twahiru, kisha akabembeleza kwa robo saa nzima.

Mukabalisa alimwacha amalize. Halafu akauliza, akitazama majani, "Kule nyuma batu wanafanyaga nini?"

"Hujui?"

"Nitajua wapi? Sijawahi kugeuka."

Twahiru alichora kwa kidole kwenye vumbi, kati ya mafungu ya sombe. Wa nyuma wanashikilia nyumba isimame wakati wa mbele wanacheza. Mlango ukifunguka, wa mbele wanatangulia kutoka, wa nyuma wanafuata, na yule wa mwisho kabisa anabaki peke yake uwanjani. Nyumba imekwisha, yeye bado yuko ndani yake. Halafu naye anatoka.

"Peke yake? Hakuna mwingine?"

"Hakuna."

"Na huyo wa mwisho alikuwa nani?"

Twahiru alikiri kwamba kwenye ubao kilikuwa kifungo cha koti la zamani, na hakumbuki tena alimpa nani. Mukabalisa alifunga fungu jingine.

"Nitafikiri," alisema.

Ijumaa mazoezi yalianza bila yeye. Saa kumi na moja ilipita. Twahiru alikuwa amekwisha kumweka mwanamke mwingine mahali pake, tena asiyejua aanzie wapi, pale kitenge cha Mukabalisa kilipoonekana langoni. Hakumsalimu Desinateri. Alikwenda moja kwa moja kwa Nyirahabimana, akasimama mbele yake.

"Mama, nionyeshe."

Nyirahabimana, ambaye hakuwahi katika maisha yake kuombwa na mtu amfundishe kucheza, alimwonyesha mpaka adhana ya magharibi. Wale wawili walioondoka Jumatano walikuwa wamesimama pembeni nao wakitazama. Hakuna aliyewaita, wakaingia.

Jumamosi ikawa Idi kweli. Baada ya sala Twahiru alikwenda kusalimia jamaa, na kila alipotoka nyumba moja alipitia uwanjani kuhakikisha kwamba jukwaa bado liko mashariki. Alikwenda mara tatu. Kanzu ya Idi ilirudi na vumbi magotini, na Swafiya aliifua bila kusema neno, jambo ambalo kwake ni neno kubwa.

Jumapili, tarehe mosi Julai, zamu yao ilikuwa ya sita. Wanawake walipoingia, Twahiru alibaki langoni na hakuweza kutazama. Aligeukia mabati, akaweka paji la uso juu yake, akafuata kwa masikio. Alisikia miguu ikigawanyika. Alisikia kuta zikisimama. Makofi, makofi, makofi. Kisha kimya.

Baada ya kimya mlango ulitakiwa kufunguka kwa pigo la nne. Alihesabu. Moja, mbili, tatu, nne.

Tano.

Hakusikia kitu. Akageuka, na alipogeuka tu, Swafiya na Nyirahabimana wakateleza kando, pigo moja nyuma ya wakati. Wageni kadhaa jukwaani walikuwa wameinamia mbele kwenye viti vyao, kama watu wanaochungulia dirisha. Wanawake wakaanza kutoka mmoja mmoja. Wa ishirini na nne alikuwa Mukabalisa. Alibaki peke yake katikati ya uwanja ule mkubwa, akainua mikono, hakuharakisha. Upande wa watazamaji wa kawaida mama mmoja kutoka Kagugu alipiga kelele ambayo ngoma hazikuweza kuifunika.

Walishika nafasi ya tatu kati ya tisa. Hakuna aliyeuliza habari ya migongo, kwa sababu hapakuwa na migongo. Konseye Nsabimana alikuja akijifuta shingo kwa leso, akasema mgeni mmoja ametaka kujua ni nani aliyewafundisha wale wawili wa katikati kungoja namna ile kabla ya kufungua.

Twahiru alimtazama mkewe.

"Sikungoja," alisema Swafiya. "Mguu wa kushoto umechelewa tu."

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi Desinateri alikuwa kwenye meza yake ya mteremko. Siku hizi, kabla ya kuchora chochote kwenye kalki, huandika kwanza neno moja katika kila pembe, pembe zote nne, hata ikichanika moja zibaki tatu. Wenzake wanamcheka, naye anawaacha wacheke.

Ana mpango wa mwaka ujao, na ameanza kuuogopa mapema. Anataka ngoma ya vichochoro vya Biryogo, isiyo na mbele wala nyuma, watazamaji wakiwa kwenye vizingiti vya milango yao pande zote. Anakubali kwamba hajui itakavyochorwa.

"Ila mwezi wa kwanza sitachora," anasema, akitazama ubao wake uliobaki mtupu sebuleni. "Nitaomba nisimame ukuta wa nyuma na akina mama. Nataka nijue mke wangu alikuwa anaona nini."

Kibarazani cherehani inanyamaza. Swafiya anaingia na kopo lake, anachokoa kwa kidole, anatoa kifungo cha mbao kilichopasuka ukingoni. Anakiweka kwenye ubao, mwisho kabisa wa safu ya nyuma, na kukisukuma kidogo mpaka kikae sawa.

"Nafasi yako hii hapa," anasema. "Mguu wako wa kushoto tutauona."